Kompresa ya Lori la Mkwe

Benchi la kijiwe lilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za gari, mbele ya kibanda cha fundi pancha, na aliyekaa mwisho wa ubao alipaswa kutoa taarifa kabla ya kuinuka. Mchana huo fundi mwenyewe, ambaye kijiwe kizima kilimwita Upepo, hakuwa na habari na tairi la mtu. Alikuwa amepakata lori la vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea watoto, refu kama mkono tangu kiwiko hadi vidoleni. Lori lilikuwa la baba mkwe wake, dereva mstaafu wa malori ya mchanga, aliyewanyang'anya wajukuu vitofali ili aliunde upya tipa lake la zamani. Kwa miaka sita mzee yule hakuwahi kumwita Upepo mkwe. Alimwita "yule wa kujaza pumzi". Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameomba kitu: kompresa ndogo ya hewa, ienee ndani ya kichwa cha lori, iinue bodi kama tipa la kweli. Na angekuja kuichukua saa kumi.

— Saa ngapi sasa? aliuliza Upepo.

— Tisa na robo, alijibu Dokta, kinyozi wa kibanda cha pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakunyoa kichwa bila kukitafutia ugonjwa. Shida iko wapi? Mota si unayo?

— Shida ni nafasi. Pampu ni mbili, nyembamba kama kalamu. Mota inazungusha gia, gia zinasukuma pampu. Moja ikiingia, nyingine inatoka, hewa isikatike. Vyote viingie hapa.

Akaonyesha kichwa cha lori. Ndani palienea kipande cha sabuni, tena sabuni iliyokwisha kuogewa wiki nzima.

— Toa pampu moja, alisema Kamusi, fundi viatu, mtu wa methali. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Hiyo inasema ziwe mbili.

— Inasema kimoja hakivunji. Sisi tunataka kuvunja? Tunataka kuinua.

Upepo alizilaza pampu tena, zikagoma kuingia.

— Mnapoteza muda, alisema Dokta. Mtu ana mapafu mawili na mota hana. Anapumua miaka sabini, betri hajabadilisha. Kwa nini? Ana pua. Lori lako lina pua?

— Halina.

— Basi. Umemnyima mgonjwa pua, halafu unashangaa hali yake.

— Si pua, ni hewa yenyewe, alisema Kamusi. Unataka kubana hewa ya saa tisa. Hii watu wameivuta tangu alfajiri, imechoka. Hewa ya asubuhi ni changa, unaikunja kama leso. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hewa haizeeki, alisema Mama Birika, muuza kahawa, akimimina.

— Mama, mbona mchana unapiga miayo? Unatafuta hewa mpya.

— Hapo umegusa mshipa, Dokta akadakia. Mwayo mmoja unainua mabega mawili ya mtu mzima. Mota gani ina nguvu hiyo? Tumtafute mtu mwenye usingizi, tumtie mrija mdomoni, lori litainuka lenyewe.

— Nani atakaa siku nzima anapigia lori miayo?

— Mkweo si mstaafu? Ana kazi gani?

Wote walicheka isipokuwa Upepo. Alikuwa anaikumbuka siku ya posa, mzee alipomtazama kuanzia viatu hadi nywele na kuuliza, "Kwa hiyo kazi yako haionekani kwa macho?"

— Sikiliza, alisema Kamusi. Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake kompresa isikae kwenye lori. Mzee aivae ndani ya koti, na lori limfuate kwa mrija kama mbuzi.

— Kamusi, nyamaza kidogo.

— Haya, likikatika kamba huko njiani usinilaumu.

— Na nyinyi, alisema Mama Birika, mnavilaza vikombe kwenye kapu langu halafu mnasema havienei. Visimamisheni.

Upepo alitazama kapu, kisha akatazama pampu zake. Alikuwa amezilaza tangu asubuhi. Akazisimamisha, moja kulia kwa mota, nyingine kushoto. Zikaingia kama meno mdomoni.

Kilichobaki hakikuhitaji ushauri wa mtu. Miaka kumi na tano alikuwa amepigana na hewa inayotoroka. Alipitia kila kiungo, na kila kitundu alichokikuta alikipaka gundi ya pancha. Kimoja kilikuwa pembeni ya swichi ya hewa, kimekaa kihuni kabisa. Akakiziba mara mbili. Akapaka povu la sabuni kote: hakuna kiputo.

— Hapa hata uvumi hautoki, alisema.

Mzee alitokea kabla ya saa kumi, na fimbo yake. Upepo aliinuka upesi bila kutoa taarifa, na Dokta akajikuta chini na kikombe mkononi.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Iko wapi?

Upepo alibonyeza. Mota ikalia kama nyuki ndani ya chupa, pampu zikapishana, bodi likatetemeka, likainuka polepole mpaka mwisho. Akazima. Bodi halikurudi nyuma hata unywele. Kamusi alipiga makofi.

Mzee aliinama, akalitazama kwa muda mrefu.

— Na kushusha?

Katika maisha yake yote ya kazi, hakuna mteja aliyewahi kumletea Upepo tairi akaomba pumzi itolewe.

— Kushusha, alianza Kamusi, wahenga walisema...

Akasubiri. Wahenga hawakuwa wamesema kitu.

Dokta alilikandamiza bodi kwa kidole. Likarudi juu.

— Baba, nimekosa, alisema Upepo. Kulikuwa na kitundu cha kutolea hewa. Nimekiziba mwenyewe. Mara mbili.

Mzee aliketi, akaliweka lori magotini.

— La kwangu lilikwama hivi hivi. Mchanga nimeshamwaga, bodi liko juu. Nikaendesha siku nzima, kila daraja la kupita chini yake nalizunguka. Watoto wananipungia mikono.

— Ulilishushaje, baba?

— Nani amekwambia lilishuka? Nilistaafu.

Akamgeukia Mama Birika.

— Nipe kikombe, mama. Na mkwe wangu huyu mpe kingine.

Mama Birika aliinamisha birika. Likatoa tone moja.

— Imekwisha.

— Basi kesho, mkwe, alisema mzee, akiinuka na lori lake, bodi likiwa juu. Na gundi uiache nyumbani.