Cheche na Mwanamke Aliyeubeba Mlango

Marehemu, ambaye karibu wote tulimwita Cheche, alituachia agizo kuhusu wasifu huu. Alisema, "Mtu asisimame pale mbele akasema nilikuwa mpole. Mtawachekesha watu msibani." Basi hatutasema hivyo. Tutamsema alivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza katika familia ya mabinti wawili. Baba yake alikuwa fundi saa. Mama yake alishona sare za shule pale pale sebuleni. Agosti 1983 baba alifariki. Machozi hayajakauka, ndugu zake, wakiongozwa na baba mkubwa, wakamwambia mama kwamba nyumba ni mali ya ukoo. Mama alitoka kwenda kutafuta mtu wa kumsemea. Aliporudi na wanawe alikuta kitasa kimebadilishwa, na cherehani yake iko nje, inanyeshewa. Tumeombwa aya hii isisomwe leo. Marehemu ndiye aliyetaka isomwe, tena kwa sauti.

Mjomba wao, fundi wa kuchomelea vyuma, aliwapokea katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana yake. Huko marehemu alilala kwa mlio wa msasa na kuamka kwa mlio wa nyundo. Shule ya msingi aliimaliza mwaka 1987, sekondari mwaka 1991. Sekondari walimpanga darasa la mapishi. Yeye akaenda kukaa darasa la michoro ya ufundi pamoja na wavulana. Mwalimu alimtoa, akarudi. Akamtoa tena, akarudi, mpaka mwalimu akachoka, akampa rula. Mwisho wa mwaka yule mwalimu ndiye aliyekuwa akitembea na michoro yake kuwaonyesha wenzake.

Mwaka 1992 alianza kazi rasmi kwa mjomba. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda, na hakuna geti lake lililotoka bila kitu cha ziada: ndege, jani, jicho la mtu linalochungulia barabarani. Wateja wengine walinung'unika. Wengi walirudi na majirani zao.

Mume wake alimpata hapo hapo karakanani, mwaka 1998. Alikuwa mwalimu wa hesabu, kaja kuagiza grili ya dirisha. Akamkuta fundi kavaa kofia ya kuchomelea iliyofunika uso wote, akaanza kujieleza: "Kaka, nataka kitu imara, lakini kaka, usinipige bei ya kigeni." Marehemu alimwacha aseme mpaka akamaliza, kisha akainua kofia. "Kaka yako hayupo. Mimi nitakutosha?" Mwalimu alisahau vipimo vya dirisha, ikambidi arudi kesho yake, na keshokutwa pia. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba mwaka huo huo, wakajaliwa binti na mvulana.

Geti moja ndilo lililomwingiza kwenye sanaa. Mwaka 2004 mama mmoja mwenye jumba dogo la sanaa aliliona mtaani, akauliza nyumba hadi nyumba mpaka akafika karakanani. Jumba lenyewe lilikuwa chumba kimoja, zamani duka la viatu, kati ya duka la dawa na kinyozi. Rafu za viatu bado zilikuwapo. Lilikuwa na wasanii wachache: mchoraji wa mandhari, mpiga picha, msusi wa mikeka ya ukutani na wengine wawili watatu. Marehemu akawa fundi chuma wao.

Mwaka 2009 alionyesha sanamu yake kubwa: mwanamke wa nondo na bawaba, anatembea, mgongoni kabeba mlango mzima. Begani aliunganisha gurudumu la ile cherehani iliyonyeshewa. Mwenye jumba akaisimamisha karibu kabisa na kizingiti, kila mpita njia aione.

Wiki haikuisha. Baba mkubwa akaingia na wazee wawili.

"Mwanangu, umetuanika."

"Nani kakwambia ni ninyi, baba mkubwa? Jina sikuandika."

"Watu wote wanajua!"

"Basi si mimi niliyewaambia."

"Iondoe."

"Mlimfungia mama mlango, ameondoka nao. Sasa mnataka autue, aende wapi?"

Baba mkubwa akatoka na wazee wake. Alikwenda kwa mwenye jengo ambamo jumba lilikuwa limepanga, aliyekuwa rafiki yake, na ujumbe ukashuka: ikifika Jumatatu sanamu iwe imetoka, au jumba lenyewe litoke. Mwenye jumba alilia. "Cheche, wenzako wote nitawapeleka wapi?" Mchoraji wa mandhari akashauri sanamu iwekwe stoo mpaka upepo utulie.

Siku ile marehemu alirudi nyumbani. Chuma hakikuwahi kumtisha, lakini kuwafukuzisha wenzake kulimtisha. Akamkuta mama yake anatunga uzi kwenye sindano. "Mama, niitoe?"

Mama hakuinua macho. "Mimi nilitolewa mara moja. Sitoki tena."

Jumapili marehemu alisukuma mashine yake mpaka pale jumbani, akaichomelea ile sanamu miguu yote miwili kwenye fremu ya chuma ya mlango. Jumatatu vibarua wakaja na lori. Walimkuta kaketi kwenye ngazi, kofia magotini. "Vuteni," akawaambia. "Ikitoka, itatoka na ukuta. Ukuta ukitoka, paa linafuata. Mwenye jengo amewaambia mbebe na paa?" Vibarua walicheka, wakazunguka sanamu, wakaipigapiga, wakaondoka. Nyuma ya marehemu walisimama wasanii wote wa jumba lile, yule wa mandhari akiwa wa kwanza. Mwenye jengo alipima urafiki na ukuta wake, akachagua ukuta.

Mwaka 2015 binti wa baba mkubwa alifiwa na mume, naye akafungiwa nyumba na wakwe. Hakwenda kwa baba yake. Alikuja karakanani na mfuko mmoja, akasimama mlangoni, hajui aanze vipi. Marehemu akamsogezea stuli na kofia. "Dada, karibu. Funika macho kwanza, cheche hazina adabu." Leo yeye ndiye fundi mkuu wa karakana ile.

Mwaka 2022 mapafu yalianza kumsumbua. Daktari alimkataza moshi. Akahamia kwenye waya, akawa anasokota sanamu ndogo kitandani hospitalini, mpaka manesi wakawa wanapigania zamu ya wodi yake. Ukoo ukatuma mtu: upo tayari kuja kupatana, sanamu ikiondolewa. Akavuta pumzi, akajibu, "Wanakuja kuniona mimi au sanamu? Kama ni sanamu, saa za kufungua zimeandikwa mlangoni."

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, mdogo wake wa kike, mjomba, dada yake wa karakanani, na wasanii wenzake wa jumba la sanaa. Baba mkubwa naye yupo nasi hapa. Jana alituma ombi kwamba mwili upitishwe kwenye nyumba ya ukoo ukapewe heshima yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu anatokea karakanani." Na ndiko alikotokea.

Apumzike kwa amani yeye, amefanya yake. Sisi tuliobaki tuna kazi: karakana inafunguliwa kesho.