Kikaguzi Kilichozibwa Mdomo

Usinikunjie uso kabla sijamaliza. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini masikio ninayo, na kibanda cha kahawa kwenye kona ya zahanati ni changu, benchi na vikombe vyake. Asubuhi hiyo walikaa watatu: mjukuu wangu Miwani, anayeiandikia zahanati programu ya kutoa karatasi za dawa, kwa lugha yao ya kompyuta iitwayo Python; Kinyozi; na Mstaafu, aliyekuwa mwalimu. Miwani alikuwa amenuna. Kikaguzi, yaani programu inayosoma kazi yake na kutia wekundu penye kosa, kilikuwa kimemletea maonyo arobaini na mawili ya uongo.

— Uongo vipi? aliuliza Kinyozi.

— Kinasema mstari huu hautumiki. Unatumika! Ila ni kwenye faili jingine, chenyewe hakilioni.

— Ufute, kinyamaze.

— Nikiufuta programu inakufa, mzee.

— Hicho kina kijicho, alisema Mstaafu. Shuleni tulikuwa na mkaguzi wa hivyo. Akikosa kosa, analileta kutoka kwao.

— Kimetumwa, alisema Kinyozi. Kuna mtu anaitaka kazi yako.

— Nimeshakimaliza. Nimeandika juu kabisa kisikague chochote. Kimya!

Wakampigia makofi, watu wazima na ndevu zao. Ndipo akaingia Muuguzi kuchukua kahawa, akasikia.

— Hayo arobaini na mawili, uliyasoma yote?

 Miwani ndiye aliyejibu.

— Kumi ya kwanza, shangazi. Yalikuwa uongo mtupu.

— Yarudishe.

Miwani akafungua kompyuta yake, akayarudisha, akasoma kwa kidole. Kwenye la thelathini na moja kidole kikasimama.

— Hili ni kweli. Orodha ya dawa haianzi upya kwa kila mgonjwa. Za mgonjwa wa kwanza zinabaki kwa wa pili, za wote wawili zinakwenda kwa wa tatu.

Kikombe kikamponyoka Muuguzi.

— Ndiyo maana karatasi ya mwisho ilikuwa ndefu!

— Karatasi gani? Si mnaanza kuitumia programu kesho?

— Tumeanza leo. Wagonjwa wanne wameshaondoka.

— Na dawa?

— Na dawa.

— Watakuwa wameshameza? aliuliza Kinyozi.



— Majina yao unayo? nikamuuliza Muuguzi.

— Ninayo, na wanakokaa.

Miwani alianza kulia. Nikamwambia atalia njiani tukiwafuata wale wanne, nikamshika ukosi, nikatoka naye nyuma ya Muuguzi, nikafunga mlango.