Wa Sauti, Mlango wa Tatu

Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Jeli wa mlango wa tatu anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Sherehe ni Ijumaa mchana, ukumbi wa chakula, na kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, karani wa mapokezi. Kwa nini mimi, sijui. Madaktari wapo, watu wa mionzi wapo, wote wanaelewa alichokuwa akikifanya mle ndani. Mimi nimewaelekeza wagonjwa kwenye mlango wake miaka nenda rudi, na hadi ninapoandika haya bado nimechanganyikiwa.

Halafu mwenyewe akanipa sharti. Alisimama kaunta, mkoba begani, akaniambia, mdogo wangu, andika utakavyo, ila nikiliona lile neno humo ndani sikanyagi ukumbini. Na tunamjua: mama huyu akishasema kasema. Neno lenyewe silitaji. Ni lile mnalobandika kwenye vitambulisho na kutumiana kwa simu kutwa kucha. Kila mgonjwa akifika kwetu hulitamka, kwamba amekuja kupigwa hiyo kitu ya tumbo. Mama Jeli hulikataa katakata. Anasema kwake hajapigwa mtu chochote. Sauti imetumwa mwilini, imegonga, imerudi, na mashine imechora pale iliporudia. Basi.

Hapo kwenye "basi" ndipo ninapopotelea. Sauti gani jamani? Nimesimama mlangoni kwake nikatega sikio, sijasikia hata mnong'ono. Akanieleza kwamba ni nyembamba mno, inatetemeka mamilioni ya mara kwa sekunde, na sikio la binadamu linaishia huko chini kabisa. Nikamuuliza, sasa sauti isiyosikika inaitwaje sauti? Akaniuliza kama upepo nao huwa nauona. Nikarudi kaunta na maswali mawili badala ya moja.

Alianzia chumba cha giza cha eksirei, akisafisha filamu, vidole vikinuka dawa hata siku za mapumziko. Mashine ya kwanza ya altrasaundi ilipoletwa ndani ya kasha la mbao, hakuna aliyeitaka. Kioo chake kilionyesha chenga tupu. Mlinzi wa getini alidhani tumenunuliwa televisheni, akaja na kiti chake kusubiri mpira. Mama Jeli ndiye aliyekaa nayo. Wakati huo alikuwa na mimba ya kitindamimba wake, na alijifunzia kazi kwenye tumbo lake mwenyewe, akipitisha kile kidude cha mkononi kinachotuma sauti huku na huku mpaka zile chenga zikawa kichwa, mgongo, kisigino. Huyo binti sasa ni mtu mzima, na hudai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mama yake kazi.

Ukimuuliza mashine hiyo imetokana na nini, tafuta kwanza pa kukaa. Atakuanzishia na popo. Wataalamu wa zamani waliwaziba macho wakaona wanaruka vilevile, walipowaziba masikio wakaanza kujigonga. Hujakaa sawa, uko chini ya bahari, meli za kivita zinatuma sauti kutafuta nyambizi. Hujavuta pumzi, uko kiwandani, mafundi wanatafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma kwa ujanja uleule. Ndipo madaktari wakaazima. Na baadhi ya wagonjwa wa mwanzo, anasema, walikalishwa ndani ya pipa la maji, maana sauti hiyo ikikutana na hewa inagoma kupita. Baadaye ikaja jeli ya kupaka mwilini, pipa likastaafu. Nilimsikiliza mwanzo hadi mwisho, chai yangu ikapoa mkononi, na nilichobaki nacho kichwani ni popo ndani ya pipa.

Jeli ndiyo iliyompa jina. Zamani ilikuwa baridi, wajawazito wakiruka kitandani ikiwagusa, hivyo akaanza kuloweka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kila asubuhi. Lakini kwa jambo moja hakuwa na huruma. Benchi la nje ya mlango wa tatu ni benchi ambalo watu husubiri wamebana magoti, kwa sababu amewaamuru wanywe maji na wasithubutu kwenda chooni. Kibofu kikijaa, sauti inapata njia. Walimnunia wote. Walitoka wakicheka, wakikimbia.

Sasa kile kisa chetu, ambacho najua mnakisubiri. Ili nisikosee kuelekeza watu, alinipa kanuni nyepesi: wa mifupa mlango wa pili, wa sauti mlango wa tatu. Nikaishika kama nilivyopewa. Asubuhi moja akaja dalali wa mnada, yule ambaye akinadi kabati mtaa wa pili wanageuka. Akainama kaunta akanong'ona kwamba ana shida ya sauti, imemkauka wiki kadhaa, na bila sauti hana kazi. Sauti? Mlango wa tatu, kaka yangu, kanywe maji kwanza.

Maskini alikuwa anamtafuta daktari wa koo. Mama Jeli alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaitazama shingo ya yule dalali, akaacha kucheka, akamwita daktari. Daktari akakubali, jeli ikapakwa shingoni, na pale sauti iliporudi ikaonyesha uvimbe kwenye tezi, umeegemea neva ya sauti. Alipasuliwa. Ilichukua miezi, ila sauti yake ilirudi, na mikwaruzo kidogo. Mimi nikapewa onyo kwa kumwelekeza mgonjwa mlango usio wake, halafu nikapewa pongezi kwa kumwelekeza mlango huohuo, na bosi aliyenipa onyo ndiye aliyenipa pongezi. Mpaka leo sijui nilikosea au nilipatia. Dalali huyo ndiye mshereheshaji wetu Ijumaa. Kaomba mwenyewe.

Amewafundisha wote wanaobaki na kazi hiyo, na mashine mpya inahamia chumba kikubwa cha ghorofani. Jana nilimfuata nikamwombe anieleweshe kwa mara ya mwisho. Sikujua kwamba wameshahamisha vitu. Kitanda hakipo, pazia limeshushwa, beseni limefunikwa dirishani. Kwa mazoea nikaita, Mama Jeli!

Ikanirudia.

Nimemwita kwenye mlango ule miaka yote na sauti yangu haijawahi kurudi. Ilikuwa inamkuta yeye, na yeye anaitika. Jana ilikwenda, ikagonga ukuta, ikaja kuniambia kilichomo mle ndani. Hamna mtu. Nikasimama kama nimepigwa shoka. Nadhani nimeelewa, Mama Jeli dada yangu. Sina hakika, unajua kichwa changu, lakini nadhani ndiyo hivyo inavyofanya kazi, na nisikufiche, nililia.

Kwa niaba ya wenzako wote, ahsante. Ahsante kwa beseni la maji ya uvuguvugu, kwa kicheko chako kilichokuwa kinatufikia mapokezi, kwa kila mama uliyemgeuzia kioo aone moyo mdogo unavyopiga. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na chai ya kunywa taratibu bila mtu kugonga mlango. Wajukuu wakikuchosha, waambie wanywe maji wakae kwenye benchi.

Nimeusoma wasifu huu mara mbili na lile neno halimo. Mimi sharti nimetimiza. Kwa hiyo Ijumaa uje. Kiti chako kiko mbele kabisa, na dalali ataliita jina lako kwa ile sauti uliyomtafutia. Tafadhali uwepo, dada, isije ikaturudia.