Immaculate Nanyama Irungu, Mtunza Vitu vya Walioondoka (1976–2025)

Dada yetu Immaculate Nanyama alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1976, karibu na Webuye. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Murunga, fundi wa mawe, na Mama Rosebella. Mwaka wa 1984 baba alipata kazi ya mjengo Nairobi, akaileta familia Kianda, Kibera, katika chumba kimoja kando ya njia inayoelekea mtaa wa Olympic. Nanyama alilala na dada zake kitanda kimoja, na ndiye aliyekuwa akiwasimulia ya nyumbani ili wasiyasahau.

Alisomea Kibera hadi darasa la nane, kisha akarudi magharibi kwa shangazi yake, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1994. Alitamani sana chuo lakini haikuwezekana. Hakulalamika.

Mwaka wa 1997 aliajiriwa kufagia katika makumbusho moja mjini. Siku moja msimamizi wa ghala, Mzee Ogola, alimkuta amesimama mbele ya kabati, ufagio mkononi, akisoma kadi moja na kutikisa kichwa.

“Kuna shida gani, mama?”

“Mzee, mmeandika hii ni fimbo ya kutembelea. Hii ni mrija wa kunywea pombe ya busaa. Babu yangu alikuwa nayo.”

Mzee Ogola alicheka hadi akaketi. Kisha akampa kalamu aiandike kadi upya. Mwaka uliofuata Nanyama alihamishiwa ghalani, akafundishwa kusafisha vibuyu na ngozi kuukuu kwa brashi laini, na hakuondoka huko tena.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Simeon Irungu wa Kawangware, mwenye duka la hardware pale kituo cha matatu cha 56. Wapo waliouliza kwa nini Irungu hakuoa mtu wa kabila lake. Mama mkwe, Mama Waithira, alinyamaza kwa miezi, hadi siku alipomkuta Nanyama ameketi chini akikishona polepole kiondo ambacho Mama Waithira mwenyewe aliachiwa na mamake, kilichokuwa kimeliwa na panya. Tangu siku hiyo alimwita binti yangu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tracy na Kimotho.

Mwaka wa 2010 makumbusho yalianza kukusanya vitu vya watu waliopoteza wapendwa wao katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007. Nanyama alipewa kazi hiyo kwa sababu alizaliwa upande mmoja na kuolewa upande mwingine. Aliketi na wote, Kibera na Kawangware. Walimletea sweta, ripoti ya shule, redio isiyo na mfuniko. Alirekodi maneno yao, kisha akavaa earphone na kuyaandika yote, pamoja na mahali waliponyamaza. Kwa miaka sita aliandika simulizi mia mbili na kumi na mbili.

Mwaka wa 2016 tuliona amebadilika. Alifika nyumbani na kukaa kwenye ngazi, asiingie. Alihesabu viatu vya watoto mlangoni, akahesabu tena. Jumamosi moja Tracy alianika sweta lake la shule. Mama yake alipoliona alipiga kelele, “Toa hapo! Ni ya nani hiyo? Nani ameleta?” Tracy alimjibu huku akilia, “Mum, ni yangu. Ni mimi.”

Kazini aliambiwa, “Immaculate, hivyo ni vitu tu. Ukitoka, viache hapa.” Nasi nyumbani tulikuwa tukiwaambia majirani ana vidonda vya tumbo.

Aliyemshika mkono ni mfanyakazi mwenzake, Filister, aliyempeleka kwa daktari mwaka wa 2017. Aliambiwa ni ugonjwa wa akili, ule wa huzuni nzito, na kwamba unatibika. Alimeza dawa, akaongea na mshauri, akarudi kucheka. Yeye na Filister walianzisha chai ya Jumatano kwa wafanyakazi wa ghala na waongoza wageni, kila mmoja aseme yaliyomkaa moyoni. “Hapa hakuna kurekodi,” alikuwa akiwaambia.

Mwaka wa 2023 ikaamuliwa simulizi zile zitengenezewe maonyesho, na mtu azisikilize zote upya. Nanyama aliomba mshauri awe karibu na wafanyakazi wakati wa kazi hiyo. Aliambiwa asubiri. Irungu alimsihi akatae.

“Baba Tracy, hao watu waliniambia mimi,” alisema. “Siwezi wapatia mtu hajui hata majina yao.”

Alimaliza kazi. Maonyesho yalifunguliwa Agosti 2024, lakini hakuweza kuhudhuria. Kuanzia Januari mwaka huu aliacha kula vizuri, akaacha dawa, mwili ukanyong’onyea. Alilazwa tarehe 22 Aprili, na Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, saa tisa alasiri, alituacha, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Irungu. Hospitali iliandika homa ya mapafu.

Tulipoketi kuandaa wasifu huu, baadhi yetu tulitaka tuandike hiyo homa ya mapafu na tukomee hapo. Mama Waithira, mwenye miaka themanini na mmoja, alikataa.

“Mimi ndiye nilikuwa naambia watu ni tumbo,” alisema. “Msichana wangu alikuwa anaumwa na mambo ya watu, na mimi naona aibu. Andikeni vile ilikuwa. Sitadanganya juu yake mara ya pili akiwa amelala hapo.”

Tumeandika vile ilivyokuwa.

Ameacha mume wake, Simeon Irungu; watoto wake, Tracy na Kimotho; mama yake mzazi, Rosebella; mama mkwe, Waithira; ndugu zake wanne, akiwemo Maurice anayewasomea haya; pamoja na Filister na wenzake wa ghalani, ambao leo wameketi na familia.

Nanyama, kazi uliyoifanya inatosha. Mungu akupe usingizi mzuri na amani yake.