Hermenegildi, Mwalimu wa Kwenye Madungu

Debe. Anayetaka kumkumbuka marehemu akumbuke kwanza sauti ya debe tupu likigongwa katikati ya mpunga unaoiva, hapa Katindiuka, saa nne asubuhi. Debe halikuwa lake, wala shamba halikuwa lake. Alikuwa anamgongea mtoto wa mtu, ndege wakae mbali, mtoto apate kusali.

Kaka yetu Hermenegildi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1948 huko Mwaya, upande wa Mahenge, siku ya mtakatifu mwenye jina hilo. Mama yetu alisema jina ni refu kuliko kitoto chenyewe. Alisoma hukohuko hadi darasa la nne, mwaka 1960.

Mwaka 1972 alipelekwa chuo cha makatekista, mafunzo ya miaka miwili. Zilipobaki wiki tatu amalize, masika ya 1974 yakaujaza mto, kuhara kukaingia kwenye kambi za wavuvi, na watu wakawa wanafukiwa bila hata ishara ya msalaba. Akaacha daftari kitandani, akaomba mtumbwi, akaenda kuzika. Aliporudi chuoni, wenzake walikwisha kupewa vyeti na kuondoka. Ndugu waombolezaji, hicho ndicho cheti mnachokiulizia tangu mwaka 2006. Kilibaki kwenye maji yale.

Kazi yake ilikuwa kulima mpunga na kufundisha dini, na ya pili ilikula muda wa ya kwanza. Wakati hapa hapakuwa na kanisa wala benchi, msimu wa kuamia ndege watoto hawakuweza kuja mafundisho. Walishinda kwenye madungu, vile vibanda vya miti mirefu, wakilinda mpunga wa wazazi wao. Basi mwalimu aliwafuata. Alipita dungu kwa dungu, akapokea debe, akagonga, mtoto akasali. Hakuchapa mtu. Aliyekosea aliambiwa, "Rudia, mwanangu."

Mwaka 1979 palikuwa na mtoto mmoja wa miaka tisa, jina lake Beatus, ambaye kila siku Baba Yetu yake iliishia katikati: "Utupe leo mkate wetu wa kila siku, amina!" Njaa ilikuwa inamuuma. Marehemu alimvunjia kiazi alichokuja nacho, akamwambia, "Rudia, mwanangu. Baada ya mkate kuna maneno mengine." Ilichukua msimu mzima.

Tarehe 19 Juni 1976 alifunga ndoa na Apolonia, binti wa Kisawasawa. Bibi harusi alisubiri karibu saa nzima. Bwana harusi alifika na tope magotini na debe la watu mkononi, akasema kulikuwa na mtoto njiani ambaye alikuwa karibu kumaliza sala ya Nasadiki. Shemeji Apolonia hajaacha kulisimulia hilo, na hajaacha kulikasirikia.

Mwaka 2006 walikuja walimu wapya watatu kutoka mjini, na spika, na vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Kiongozi wao alikuwa Beatus yuleyule, sasa mtu mzima aliyesoma. Wakatangaza kwamba mafundisho ya kwenye madungu si mafundisho, na wote waliofundishwa huko waanze upya. Marehemu wakamwita mwalimu wa ndege. Na kwa kuwa hakuwahi kupokea hata kuku wa mtu, wakasema angekuwa mwalimu wa kweli angekula kwa waumini. Ninyi mkacheka. Wengine mko hapa, mmevaa nyeusi.

Sisi nyumbani tulimsihi ajibu. Apolonia alimwambia, "Baba Leticia, utanyamaza mpaka wakufundishe na wewe Baba Yetu?" Akajibu mara moja tu, Jumapili moja ya Septemba, akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa alilolifyatulia matofali mwenyewe.

"Mnataka karatasi," alisema. "Haya. Fulgensi, ishara ya msalaba ulijifunzia wapi? Rosa, maji yalipofika kifuani, ulivuka mgongoni kwa nani? Nimezika mama zenu kwa mikono hii. Nimeumwa na nyoka nikienda kwenu, nikafika, nikafundisha, ndipo nikaanguka. Nimechoka kubishana na watu niliowafuta kamasi!"

Fulgensi aliangalia viatu vyake. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni, wengine wakalia. Jumapili iliyofuata wakakaa mbele ya spika kama kawaida. Marehemu akakaa benchi la mwisho, na huko akakaa miaka kumi na mitano. Msimu wa ndege ulipofika alichukua debe na kwenda mashambani, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulimkasirikia kwa hilo pia.

Mwaka 2021 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukakataa, miguu ikafuata. Tangu Jumanne tarehe 4 mwezi huu hakusema tena neno, ila mara moja tu. Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka sabini na sita.

Juzi, tulipopeleka jina lake kwa fundi wa msalaba, kamati ya kanisa hapa kigangoni ilituuliza kama tuna cheti, ndipo waruhusu liandikwe neno Mwalimu. Akasimama Beatus: "Mimi ndiye niliyemdai cheti. Andikeni Mwalimu." Limeandikwa, mnaliona. Ingemgharimu nini kulisema akiwa hai?

Marehemu ameacha mjane, Apolonia. Watoto watatu, Leticia, Vitus na Agapiti. Wajukuu kumi na mmoja. Na mimi mdogo wake, Nazari, ninayewasomea. Mungu amlaze mahali ambapo hakuna wa kumwuliza karatasi.

Mtauliza Beatus amegeuzwa na nini. Tulikuwepo. Ijumaa tarehe 7 alikuja kumwona mgonjwa, bila spika. Apolonia alimwangalia tu, hakumpa kiti. Beatus akapiga magoti kwenye udongo akaanza Baba Yetu kwa sauti kubwa, ile ya kanisani. Akafika, "Utupe leo mkate wetu wa kila siku." Hapo sauti ikamkwama. Akajaribu, ikakwama tena.

Marehemu akafumbua macho. Ilibidi tuiname ili tumsikie.

"Rudia, mwanangu."