Norberto Ghidoni na Upande wa Kumi na Nne

Padre, ndugu, majirani na nyote mliofika, mimi ni Savino Melegari, shemeji wa marehemu, mdogo wa mkewe Ilde, nimepewa karatasi hii kwa kuwa inasemekana ninasoma bila kulia, jambo ambalo leo sina hakika nalo.

Marehemu Norberto Ghidoni alizaliwa tarehe 9 Februari 1940 hapa Borgo Sant'Elmo, mtoto pekee wa Dante, mkaushaji wa mapaja ya nguruwe, na Armida, mwimbaji, akasoma shule ya hapa hapa hadi mwaka 1954, kisha akajifunza ufundi wa piano mjini Parma, na kazi hiyo akaifanya mpaka masikio yalipomkatalia.

Siwezi kuendelea bila kuitaja ile opera, na ninaona mikono imeshaanza kuingia mifukoni kutafuta funguo za kufukuzia mkosi, haya, shikeni chuma, hata mimi nimeshika. Ni Mjane wa Chumvi ya Ercole Bondavalli, iliyoimbwa mara ya kwanza katika ukumbi wetu tarehe 17 Novemba 1911, mwimbaji wake mkuu akazikwa kabla ya wiki kwisha, ikarudiwa mwaka 1924, dari likawaangukia wapiga fidla wawili wakafa, na tangu hapo mji huu haulitamki jina lake, tunasema tu “ile”. Machi 1946 watu wa redio waliirekodi katika santuri saba, pande kumi na nne, Armida akiwa ndiye mjane, na upande wa mwisho ni yeye peke yake. Siku ya kumi na moja alikufa kwa homa ya mapafu. Dante akatangaza kwamba amezivunja santuri zote, akaiuza na piano ya mkewe, na Norberto, mwenye miaka sita, akakua bila kuikumbuka sauti ya mama yake.

Tarehe 18 Juni 1966 alimwoa dada yangu Ilde, wakajaliwa binti mmoja, Loretta, aliye hapa mbele pamoja na mumewe.

Tarehe 12 Mei 2003 aliitwa Cremona kutengeneza piano iliyokuwa ikikoroma nyuzi za chini, akaitambua kuwa ni ile ya nyumbani kwao, akafungua ubao wa chini na kukuta santuri saba ndani ya shuka, maana Dante hakuthubutu kuzivunja. Ilde alimsubiri mlangoni akamwambia, “Hizo haziingii humu, Nobe,” naye akajibu, “Ni mama yangu, Ilde,” na dada yangu, ambaye hajawahi kushindwa kwa maneno, akasema, “Na mimi ni mkeo! Sikiliza kumi na tatu ukitaka, ule wa mwisho, unaoimaliza ile, ngoja kwanza mimi nife.” Norberto aliahidi. Alikuja profesa kutoka Bologna, akasikiliza pande kumi na tatu, akaandika kwamba kazi kubwa ilikuwa imepotea, ukumbi ukataka kuiimba, lakini kwaya ikagoma, na miongoni mwa waliogoma nilikuwemo mimi, muoga mkubwa. Kila Jumapili baada ya chakula alisikiliza hadi upande wa kumi na tatu, ambao mgongoni mwake ndipo ulipo wa kumi na nne, ilibaki kuigeuza tu santuri, naye aliirudisha kabatini. Miaka ishirini.

Masikio yalianza kumsumbua mwaka 2016, moyo ukafuata mwaka 2021. Tarehe 3 Oktoba mwaka huu, 2023, Ilde aliona sindano imefika mwisho na mumewe bado ameinamisha kichwa akisikiliza, ndipo akajua kwamba hasikii tena, akanipigia simu, “Savino, njoo, nimekosa,” na nilipofika akaigeuza santuri kwa mkono wake. Armida aliimba. Nimekuwa mwanakwaya miaka thelathini na nilitamani kukimbia. Norberto aliweka kiganja juu ya mbao za gramafoni, akauliza, “Anaimba?” kisha, “Anasemaje?” na Ilde akamwandikia maneno, lakini sauti haiandikiki.

Alifariki hospitalini tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi, siku ya kumi na moja. Najua mmehesabu, nimewasikia tangu jana mkihesabu jikoni kwetu. Basi hesabuni vizuri, sisi wawili tuliousikia wimbo huo tuko hai, aliyekufa ni yule ambaye hakuusikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani wa Via dei Mulini waliotupikia, na mafundi wenzake wa Parma waliolibeba jeneza.

Dada yangu ameomba jambo moja, Padre ameridhia, na gramafoni mnaiona pale kando ya jeneza. Anayeogopa, mlango wa pembeni uko wazi, hatalaumiwa na mtu, atoke sasa. Ilde anasema alimnyima mumewe sauti ya mama yake kwa miaka ishirini na hatamzika kabla haijaimba mbele yake.

Pumzika kwa amani, Norberto, naigeuza santuri.