Randa na Sanduku la Rangi za Kope

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha cherehani, upande unaopata kivuli kuanzia saa nane mchana, na anayelikalia inabidi avumilie kelele za pedali yangu. Wenyeji wake ni wanne. Mimi ndiye fundi cherehani, wananiita Sindano. Timazi ni mwashi, na jina hilo amepewa kwa kejeli na watu waliowahi kuishi ndani ya kuta zake. Chaji anatengeneza simu kwenye meza ya kioo, hatua kumi kutoka hapa. Wa nne ni Randa, seremala, fundi kweli kweli, na siku hiyo alikuja amevimba kwa hasira hata salamu hakuitikia. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo. Alikiweka katikati ya benchi, akasogeza birika la kahawa pembeni, akakifungua.

Lilikuwa sanduku la mbao, unene wa kitabu kikubwa, lenye bawaba mbili ndogo na kioo ndani ya mfuniko. Ndani yake mlikuwa na matundu kumi na mawili ya duara, na kila tundu limekaliwa na kisahani cha bati kilichojaa rangi iliyoshindiliwa ikawa sawasawa: ya dhahabu, ya shaba, ya zambarau, ya moshi. Sijui mambo ya wanawake, lakini jicho langu linajua kitu kilichotengenezwa vizuri.

Randa: Tazameni. Halafu mniambie kama mimi pale nyumbani ni mume au ni mpangaji.

Hatukumwelewa, akaeleza, na mimi nitafupisha maana yeye maelezo yalimmalizia vikombe viwili. Mkewe anapamba maharusi. Zile rangi anazowapaka kwenye kope hununua zikiwa unga mtupu wa madini, kwenye vichupa, na unga mtupu ni balaa. Kuna harusi moja feni ilipuliza kichupa kizima cha rangi ya shaba kikatua kwenye shela la bibi harusi, na mama wa bibi harusi alisema maneno ambayo shemeji yetu hajayasahau. Tangu hapo anazishindilia nyumbani. Anachukua unga, anatia matone ya spiriti na mafuta kidogo, anakoroga mpaka ushikane, anaujaza kwenye kisahani, anafunika kitambaa, anakandamiza, anauacha ukauke. Alichokuwa anakosa ni sanduku la kuvishika hivyo visahani visichezecheze. Na sanduku lenyewe ndilo hili hapa, na ingawa mwanamke huyu analala nyumba moja na seremala, limetengenezwa na Msasa, seremala wa ng'ambo ya barabara.

Hapo nilisimamisha cherehani. Jamani, hata mimi damu ilinichemka. Siku mke wangu atakapopita mtaani amevaa gauni lililoshonwa na fundi mwingine, nitafunga kibanda hiki nihame.

Timazi: Kaka, hilo si sanduku. Hiyo ni dharau iliyotiwa bawaba.

Randa: Nimelikuta kabatini. Mimi natafuta soksi, nakutana na kazi ya Msasa. Kabati nimelitengeneza kwa mikono yangu, halafu ndani yake analala Msasa.

Chaji: Na hataishia hapo. Mimi Msasa namjua. Leo kaanza na kisanduku cha rangi, kwa sababu ni kidogo, hakuna atakayestuka. Mwezi ujao atasema shemeji anahitaji kigoda cha kukalisha maharusi. Halafu meza. Halafu kabati la vioo. Utaamka asubuhi moja umejinyoosha juu ya kitanda cha Msasa, ndani ya nyumba yako, na huna cha kusema.

Wakati wanasema hayo, Randa alikuwa anapapasa pembe za sanduku kwa kidole. Mbao zilikuwa zimeumana pembeni kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana. Alifunga mfuniko, akafungua, akausikiliza. Alitafuta kosa kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake, na mwisho alisema vanishi ni nyepesi mno. Hakusema lingine. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Timazi akauliza Msasa alipataje vipimo. Mtu hawezi kutoboa matundu kumi na mawili yakae namna ile kwa kukisia. Lazima alipima. Na kupima lazima alikuja nyumbani.

Randa: Hakuja. Mimi nilikuwa kazini siku zote.

Timazi: Ndiyo maana nakwambia.

Ilibidi nimtulize Randa na kikombe kingine. Nikamwambia Timazi kwamba visahani vinabebeka, mwanamke angeweza kuvuka navyo barabara mkononi, lakini Timazi alikuwa ameshashika njia yake na harudi nyuma. Chaji naye hakukubali kuachwa. Alisema sisi tumeng'ang'ania mbao, hatuulizi kilichomo. Kwani ule unga ni nini? Si madini? Kichupa chenyewe kimeandikwa madini.

Chaji: Madini yanachimbwa. Kinachochimbwa kinataka leseni. Kwa hiyo shemeji ana mgodi, na huyu Msasa kamjengea ghala. Wakija wakaguzi watamkamata nani? Mwenye nyumba.

Randa: Mgodi gani, Chaji, na chumba chenyewe kitanda tu kinakijaza?

Chaji: Migodi yote huanza na tundu dogo.

Hili lilimkera hata Timazi, akasema tuzungumze kama mafundi. Yeye kwa upande wake ana shaka na kazi ya kushindilia. Unga uliokandamizwa na mwanamke kwa mkono, juu ya meza ya jikoni, hauwezi kukomaa. Amepiga lipu miaka ishirini, na lipu haipimwi kwa macho, inagongwa na kusikilizwa. Palipo na uwazi patalia. Basi akainama, akatega sikio juu ya sanduku la watu, akaanza kugonga kisahani kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Cha kwanza akasema kizuri. Cha pili kizuri. Na sisi watu wazima tukanyamaza kumsikiliza, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetega sikio.

Cha saba kilikuwa cha shaba. Kilipasuka vipande vitatu, kimoja kikadondoka juu ya benchi.

Randa alikiinamia kile kipande.

Randa: Hiyo ndiyo rangi ya kesho.

Kesho asubuhi saa mbili shemeji alikuwa na bibi harusi, na bibi harusi aliichagua rangi hiyo mwenyewe, nyingine hazitaki. Lile shela lililoharibika lilikuwa la ukoo wao. Yaani mama mtu ni yule yule mwenye maneno, na amekubali kumrudia shemeji mara hii moja tu. Na shemeji hakujua kwamba sanduku limetoka kabatini. Randa alilichukua mkewe alipokwenda uani kuosha brashi zake.

Mtu angetarajia hapo aibu. Hakuna. Hasira ilipanda zaidi, na ikamrudia Msasa. Randa alisema mfuniko ungekuwa mzito usingefunguka ovyo, na kitu kisingegongwa. Timazi alisema kosa ni la mchanganyiko, maji yalikuwa machache, sasa tunyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku saba kama zege. Tulimkumbusha kwamba harusi ni kesho. Chaji alikimbilia kile kipulizo chake cha moto anacholegezea vioo vya simu, akaanza kuvuta waya kuelekea benchi. Mimi, na hili nalisema kwa sababu kusema kweli ni bora, nilipendekeza pasi, maana yangu ilikuwa na moto tayari. Randa aliona sote wajinga. Alitoa mfukoni kichupa cha gundi ya mbao.

Randa: Tone moja. Nimeunga viti vilivyovunjika vibaya kuliko hiki.

Alikuwa anafungua kifuniko cha gundi mkewe alipotokea kwenye kona.

Mwanamke huyu hupita hapa kila siku, hutusalimu na kwenda zake. Hajawahi kusimama. Siku hiyo alisimama. Alikuwa amevaa aproni, na brashi mbichi mkononi. Alisema, "Za saa hizi, shemeji zangu," na sote tukaitikia kwa sauti za watoto wa shule. Akatazama sanduku, akatazama gundi, akatazama kipulizo cha Chaji, akatazama kidole cha Timazi, ambacho kilikuwa kinameremeta shaba. Nilingoja atufokee. Hakufoka, na nilijisikia vibaya zaidi.

Aliniomba kipande safi cha kitambaa cha pamba. Nilikata haraka kuliko ninavyomkatia mteja yeyote. Akaketi pale pale kwenye benchi letu, akakirudisha kipande kilichodondoka ndani ya kisahani, kisha akachukua kijiti akavisaga vile vipande vyote mpaka rangi ikarudi kuwa unga. Randa aliguna. Yeye hakuinua macho. Akatoa mfukoni mwa aproni kichupa cha spiriti, akadondosha matone, akakoroga, akasawazisha. Akafunika pamba yangu juu yake, akageuza kichupa, akakandamiza kwa kitako chake, wima, bila kukizungusha. Akasogeza pamba penye ukavu, akakandamiza tena. Alipoifunua, rangi ilikuwa nzima, imebaki na alama ndogo ndogo za nyuzi. Kazi yote haikufika nusu ya kikombe cha kahawa.

"Asubuhi itakuwa imekauka," alisema.

Hapo Randa akapata sauti, na mimi nilimwombea asiipate.

Randa: Sawa. Lakini unataka watu wanione vipi? Seremala yupo ndani ya nyumba, wewe unavuka barabara. Kwa nini umpelekee yule?

Mke wa Randa: Nilikuomba wewe kwanza. Nilikuomba nikiwa nakupakulia chakula. Nilikuomba siku ya shela, nikiwa nalia. Mara ya tatu nikakuwekea kisahani chenyewe juu ya meza yako ya kazi ili upime. Umekitilia skrubu, na mpaka leo zimo.

Randa: Ungesubiri kidogo.

Mke wa Randa: Miezi minane.

Timazi alijifanya anatafuta kitu mchangani. Chaji alikuwa anakunja waya wake polepole sana.

Mke wa Randa: Basi tufanye hivi. Nitajie kipimo. Tundu moja la hili sanduku, upana wake kiasi gani? Nilikutajia mara zote tatu. Ukikitaja sasa hivi, harusi ikipita namrudishia Msasa sanduku lake, na langu utatengeneza wewe.

Lazima mmjue Randa ndipo mwelewe tulivyokaa pale. Hajawahi kuandika kipimo katika maisha yake. Ukimwuliza dirisha la duka la dawa alilotengeneza miaka sita iliyopita, anakutajia upana, urefu na unene wa fremu huku anatafuna. Vitanda vya mtaa mzima vimo kichwani mwake. Vya wateja waliokufa vimo pia.

Alifungua mdomo.

Randa: Inchi...

Akaishia hapo. Timazi alianza kuhesabu kwa vidole akaacha. Chaji alitazama lile tundu kwa pembe ya jicho, lakini nani angethubutu kumnong'oneza. Mwanamke alingoja. Hakutega, alingoja kweli, amemkazia mumewe macho kama mtu anayetaka kusikia, na mimi niliyekuwa nimemtetea Randa tangu mwanzo nilitamani aseme namba yoyote, hata ya uongo.

 Mkewe akafunga mfuniko taratibu, akalifunga sanduku kwenye taulo, akanishukuru kwa kitambaa, akaondoka nalo.

 Randa akatoa futi mfukoni, akaivuta kidogo, akainama juu ya benchi kupima. Sanduku lilikuwa limeshakata kona.